Mtaa Aliouchagua kwa Masikio

Mwaka ule watu wengi walionyeshwa mahali pa kujenga. Maofisa walikuja na kamba na vigingi, wakapima viwanja kwa mistari iliyonyooka, na familia zilizokuwa zimetawanyika porini zikaambiwa zisogee, ziishi pamoja, zipate kisima, shule na zahanati. Katika ukoo mzima wa mzee Nikolaus, mkulima wa tumbaku huko Urambo, mtu mmoja tu ndiye aliyeulizwa anataka kuishi wapi. Alikuwa Eustace, mtoto wake wa mwisho, na Eustace alikuwa haoni.

Swali lilikuja kwa barua. Eustace alikuwa amemaliza mafunzo ya ualimu, akapangiwa kufundisha watoto wasioona mjini Tabora. Dada yake Josepha alimsomea barua hiyo uani, vidole vyake bado vikinata utomvu wa majani ya tumbaku.

“‘Nyumba ya mwalimu bado haijajengwa,’” alisoma. “‘Ndugu mwalimu achague mwenyewe mahali panapomfaa.’”

“Soma tena hapo.”

“Wapi? Kwamba nyumba haijajengwa?”

“Hapana. Hapo pa kuchagua.”

Josepha akasoma tena. Eustace akacheka peke yake, kama mtu aliyepewa kitu kikubwa asijue akishike upande gani. Tangu surua ilipomfumba macho akiwa na miaka saba, watu wema walikuwa wakimchagulia kila kitu: kiti cha kukalia, nyama ya kula, upande wa kulala. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne.

Mzee Nikolaus hakucheka. “Kijiji chetu kipya nyumba zote zimepangwa mstari mmoja,” alisema. “Hata asiyeona hapotei. Mjini kuna malori. Kuna mitaro. Nani atajua kwamba huyu ni mtoto wa mtu?”

Hakuwa mkatili mzee yule. Ni yeye aliyemfunga Eustace mgongoni kwa kanga ya mama yake akaendesha baiskeli siku nzima kumfikisha hospitali, akafika wakati macho yamekwisha kwenda. Tangu siku hiyo hakuliamini tena neno “mbali”. Baada ya kubishana wiki nzima akakubali, kwa sharti moja. Josepha ampeleke Tabora, wakae siku tano wakitafuta chumba. Siku ya tano Eustace atembee peke yake kutoka shuleni mpaka kwenye chumba hicho, na Josepha amfuate kwa nyuma, asimguse wala kumsemesha. Akifika, abaki. Asipofika, wapande wote treni ya jioni, warudi.

“Uape,” alimwambia Josepha.

“Naapa, baba.”

“Najua moyo wako. Ndiyo maana nataka uape.”

Wakashuka Tabora Jumatatu asubuhi. Eustace alisimama stesheni, akakataa kuondoka. Hakuwahi kusikia mahali pakubwa kiasi kile. Injini ilipumua upande wa kushoto, nyingine ikajibu mbali sana upande wa kulia, na katikati yake mabehewa yaligongana moja baada ya moja, mlio ukikimbia kutoka huku hadi kule kama mtu anayepitisha fimbo kwenye ua wa miti. Alipima mji kwa mlio ule. Ukaendelea, ukaendelea, mpaka akahisi kifua kinapanuka.

“Twende, watu wanatuangalia,” Josepha akamvuta.

“Waache waangalie. Dada, hapa ni pakubwa!”

Nyumba ya kwanza waliyoiona ilikuwa Cheyo. Mama Veneranda, mjane wa karani wa reli, alikuwa na chumba cha nje chenye sakafu ya saruji na dirisha la vioo. Ua ulizungushiwa michongoma iliyokatwa vizuri. Barabara ya mbele ilikuwa pana, ya mchanga laini, na gari lilipita mara moja au mbili kwa siku. Josepha alizunguka uani akigusa kila kitu.

“Sikiliza,” alinong’ona, kana kwamba yuko kanisani. “Kimya kabisa! Hapa hata mimi ningependa kukaa.”

Eustace akasikiliza. Hakukuwa na kitu. Mbele hapakuwa na kitu, na pembeni vilevile. Alijisikia kama mtu aliyeingizwa kwenye chumba kisha mlango ukafungwa. Lakini alimwona dada yake alivyofurahi, maana furaha ya Josepha ilikuwa na sauti yake, akasema ni pazuri.

Jumanne walijaribu. Kutoka shuleni mpaka Cheyo hapakuwa mbali, na Eustace alikuwa ameihesabu njia kwa hatua, kwa Kinyamwezi, lugha aliyojifunzia kuhesabu. Alipofika kwenye ile barabara pana, mchanga ulimnyima ukingo. Fimbo yake haikugonga kitu. Alienda polepole, akapinda kidogo bila kujua, akazidi kupinda, na hatimaye akahisi majani yanamgusa magoti. Alikuwa katikati ya shamba la karanga la mtu. Josepha alimtoa humo akiwa amemshika kiwiko.

“Pengine baba alisema kweli,” alisema.

Eustace hakula jioni ile.

Jumatano walikwenda Kwihara, kwa Wenceslaus, rafiki wa baba yao, aliyekuwa mkulima huko. Aliwatumia baiskeli na mtu wa kuwapakia, akawapokea kwa viazi vya kuchemsha na maziwa ya mgando. Alikuwa na chumba, na alikuwa tayari kukitoa, lakini wote watatu walijua kwamba kutoka Kwihara mpaka shuleni ni mwendo wa asubuhi nzima. Hata hivyo Wenceslaus alikuwa na kitu alichotaka kumpa mwalimu. Alimpeleka nyuma ya shamba lake la mihogo.

“Vua viatu,” alisema. “Unasikia nini miguuni?”

Eustace akavua. Ardhi ilikuwa imezama kidogo, kama kitanda kilicholaliwa na mtu mmoja miaka mingi. Ilikuwa ngumu, imesuguliwa. Alienda hatua kumi, ikaendelea vilevile.

“Njia ya wapagazi hiyo,” Wenceslaus akasema. “Babu yangu aliipita mara nne mpaka pwani, pembe ya ndovu begani. Watu mia sita, wengine elfu. Msafara wao ulikuwa mrefu, wa mbele wameshafika kambini na wa nyuma bado hawajaondoka.”

“Wa nyuma walijuaje njia?” Eustace akauliza. “Hapa palikuwa pori.”

“Kwa kusikia, mwanangu. Kirangozi, kiongozi wa msafara, mbele na ngoma na baragumu, wengine na njuga miguuni. Wa nyuma hakumwona wa mbele hata siku moja. Alifuata mlio.”

Eustace alisimama pale bila viatu. Watu elfu wenye macho mazuri, mizigo vichwani, wakivuka nchi nzima kwa masikio yao! Nywele zilimsimama shingoni. Alihisi kana kwamba wote wanapita, kulia na kushoto kwake, na hakuna hata mmoja anayemwonea huruma.

“Njia hii inakwenda wapi?” aliuliza.

“Inaingia mjini. Inapotea Gongoni, kwa mafundi bati.”

“Dada,” Eustace akasema, “mwambie mwenye baiskeli atuache huko.”

Walisikia Gongoni kabla hawajafika. Kwanza kama mvua ya mbali juu ya bati, kisha kama mvua ya karibu, na walipoingia mtaani Josepha aliziba masikio. Mafundi walikaa barazani huku na huku wakigonga: ndoo, masufuria, majiko ya mkaa, koroboi. Kati yao seremala alisukuma randa, na mbele zaidi vyerehani vilikimbizana. Eustace alikuwa amefungua mdomo kama mtoto. Kila fundi alikuwa na mlio wake. Yule wa ndoo alipiga mara tatu, akanyamaza, akapiga mara tatu. Wa koroboi alikuwa na nyundo ndogo yenye haraka, kama kuku anayedonoa. Wa masufuria alipiga kwa mlio mnene uliokaa hewani. Mtaa mzima ulikuwa umesimama mbele yake, una kuta, una pembe, una kina. Kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka saba, Eustace aliona mtaa.

“Karibuni!” mtu mmoja akapaza sauti, bila kuacha kugonga. “Mmepotea au mnanunua?”

“Tunatafuta chumba, ndugu,” Josepha akapaza yake.

Nyundo ikasimama. “Chumba? Basi mmefika kwa balozi. Mimi Shomari, nyumba kumi hizi zote ziko mikononi mwangu. Mmetoka wapi?”

“Urambo.”

“Nilijua! Nilisikia harufu ya tumbaku tangu mko kule kwa seremala. Nyie watu hata mkioga mnanukia mnada.”

“Na nyie mnaongea kama mnagombana,” Josepha akajibu. “Kumbe ni uziwi tu.”

Baraza zima likacheka. Shomari alicheka kuliko wote, na tangu hapo Josepha hakuweza kupita bila kuchokozwa.

Chumba kilikuwa kwa Bi Kuluthumu, mama mzee aliyeishi peke yake kwenye nyumba ya udongo yenye vyumba sita. Ili kufika kwake, ulipita mtaa wote wa mafundi, ukatokea kwenye uwanja mtupu mbele ya msikiti, ukaukata uwanja, kisha ukaingia kichochoro cha kulia. Bi Kuluthumu aliitikia shikamoo zao, akamshika Eustace mkono, akampitisha chumbani, akamwekea kiganja chake kwenye ukuta, kwenye kitanda, kwenye mlango wa uani. Halafu akauachia.

“Mengine utayapata mwenyewe,” alisema. “Mimi sina nguvu za kumtembeza mtu mzima.”

Eustace alimpenda papo hapo.

Josepha alingoja mpaka wakawa peke yao. “Mdogo wangu, nakuomba. Cheyo kuna kimya, kuna usafi, kuna Mama Veneranda, mtu wa kanisa letu. Hapa utapata uziwi juu ya upofu.”

“Kimya ndicho giza langu, dada. Ulinipeleka mahali pazuri pasipo na taa.”

Josepha hakuwahi kulifikiria hilo. Miaka kumi na saba alikuwa akiwafukuza watoto wanaopiga kelele karibu na Eustace, akidhani anampa raha.

Alhamisi walifanya mazoezi. Wa ndoo, kata kushoto kidogo, kuna mtaro. Randa, endelea. Koroboi upande wa kulia, sasa uwanja unakaribia. Kwenye uwanja, geuka ili masufuria yabaki kisogoni kabisa, nenda moja kwa moja mpaka ukuta wa msikiti, kisha ufuate ukuta kwa mkono wa kulia. Mara ya kwanza alikosea, mara ya pili akapatia, na mara ya tatu alikuwa akitembea na kichwa kimeinuka, anatabasamu, mafundi, walioambiwa na Josepha juu ya mtihani wake, wakimsindikiza kwa maneno: “Mwalimu, taratibu, utatupita!”

Ijumaa masomo yaliisha mapema. Josepha alimwacha getini, akarudi nyuma hatua thelathini, kama alivyoapa. Eustace alivuka barabara ya malori bila shida, maana malori hujitangaza. Alihesabu hatua zake, akakunja kona ya kuingia mtaani, akatega sikio kumtafuta fundi wa ndoo.

Hapakuwa na kitu.

Alidhani amekosea kona. Akarudi, akagusa nguzo ya simu iliyokuwa pale jana, ikawa palepale. Akaingia tena. Alikwenda hatua ishirini. Hapakuwa na ndoo, wala randa, wala koroboi, wala cherehani hata kimoja. Mtaa ulikuwa umezimika wote kwa pamoja.

Nyuma yake, Josepha aliona kile ambacho Eustace hakukiona. Milango ya mafundi ilikuwa imefungwa, nyundo zimelazwa juu ya magogo, na mikeka haina mtu. Ndipo alipoelewa, akajipiga paja. Kwao Ijumaa ilikuwa siku ya kutokula nyama, basi. Si yeye, si baba, si Eustace, hakuna aliyekumbuka kwamba mtaa waliouchagua ulikuwa wa Waislamu watupu, na kwamba saa hiyo wote wako msikitini.

Alifungua mdomo. Akaufunga. Alikuwa ameapa.

Eustace aligonga ukingo wa mtaro kwa fimbo, akaufuata, akaenda. Alipita mahali ambapo alidhani ni kwa seremala, maana alisikia harufu ya mbao. Akapita mahali palipokuwa na joto la mkaa uliofunikwa majivu. Halafu mtaro ukaisha, kuta zikaisha, na upepo ukamjia pande zote. Alikuwa amefika uwanjani.

Hapa hakukuwa na ukingo. Aligeuka kidogo akitafuta masufuria ya kuyaweka kisogoni, na kule kugeuka tu kukampotezea hata upande aliotokea. Ilikuwa kana kwamba yuko tena kwenye mchanga wa Cheyo. Jasho lilimtoka. Aliwaza mstari mmoja wa nyumba mpya kule kijijini, kiti chake kikiwa tayari kimewekwa kivulini, sahani yake ikiletwa. Alijua kwamba akimwita dada yake angekuja mbio, na kwamba angelia kuliko yeye. Hakumwita. Alisimama wima, fimbo mbele yake, akangoja, ingawa hakujua anangoja nini.

Ndipo ikaja.

“Aaamin!”

Haikuwa kelele. Lilikuwa neno moja tu, lililotoka vifuani mwa wanaume mia kadhaa kwa wakati mmoja, refu, zito, likapanda likatulia. Lilipita juu ya uwanja kama upepo unavyopita juu ya mtama. Eustace alilisikia usoni, alilisikia kwenye mbavu. Wa ndoo alikuwa humo, na wa koroboi, na Shomari, na mshona kanzu, wote wale ambao jana kila mmoja alikuwa na mlio wake. Leo walikuwa mlio mmoja. Alishindwa hata kukumbuka kwamba amepotea. Alijikuta amevua kofia.

Kisha kimya kikarudi. Akashtuka. Lilitoka wapi? Mbele, kushoto? Alikuwa ameshangaa tu, hakushika upande. Alijilaumu, karibu machozi yamtoke. Hakujua kama litakuja tena. Kwao neno hilo hufunga sala. Lakini aligeuza uso polepole, akauelekeza pale alipodhani, akabana pumzi. Josepha naye, hatua thelathini nyuma, alibana yake, na midomo yake ilikuwa ikisali rozari bila rozari.

Dakika mbili. Pengine tatu. Jua lilimchoma utosini.

“Aaamin!”

Lilimpiga shavu la kushoto. Eustace aligeuka mpaka likampiga katikati ya uso, na kabla mwangwi wake haujaisha alikuwa ameshaanza kutembea, haraka, kama mtu anayemwahi rafiki asiondoke. Hatua hamsini. Sitini. Fimbo ikagonga ukuta. Aliuwekea kiganja ukuta ule wa msikiti, ulikuwa wa moto kwa jua, na kwa ndani yake alisikia nguo nyingi zikisugua mikeka, watu wote wakiinama pamoja. Alikaa na kiganja chake pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Halafu akaufuata kwa mkono wa kulia, akaingia kichochoroni, akahesabu milango mitatu.

“Hodi.”

“Karibu,” Bi Kuluthumu akasema kutoka ndani. “Umechelewa. Wali umepoa.”

Eustace akakaa barazani. Baada ya muda kidogo msikiti ulifunguka na mtaa ukajaa viatu na salamu. Shomari alikuja moja kwa moja, kofia mkononi.

“Mwalimu! Nimekumbuka niko kwenye hotuba. Nikasema moyoni, Mungu wangu, leo yule kijana ana mtihani, na sisi tumezima mtaa wote. Nani amekuleta?”

“Nimekuja mwenyewe.”

“Bila nyundo?”

“Nimewasikia mkiitikia.”

Shomari akakaa barazani kando yake. Kisha akasema taratibu, si kama balozi, “Basi wiki ijayo nitamwacha mmoja agonge ndoo mpaka upite. Atasali adhuhuri akimaliza.”

“Usifanye hivyo, kaka Shomari. Tafadhali. Nitajipanga nifike wakati huo.”

“Wakati upi?”

“Huo wa kuitikia. Nataka kuwasikia tena.”

Josepha alikuwa amefika, amesimama kichochoroni, uso umelowa. Kiapo kilikuwa kimekwisha, angeweza kusema lolote. Mafundi walimwona, wakangoja wamchokoze, lakini hata wao walimwachia nafasi. Aliwapita, akampita na mdogo wake bila kumgusa, akasimama mbele ya Bi Kuluthumu.

“Bibi, huyu hapendi ugali laini,” alisema. “Na ukimwekea chai mezani, mwambie iko upande gani.”

“Atauliza,” Bi Kuluthumu akajibu. “Ana mdomo.”

Josepha akacheka huku analia, akafuta pua kwa kanga. Halafu akaingia chumbani. Asubuhi ile, kabla hawajaenda shuleni, alikuwa amefunga masanduku yote mawili, lake na la Eustace, kwa kamba ngumu, tayari kwa treni ya jioni. Kutoka barazani Eustace alimsikia akipiga magoti sakafuni, akihangaika na fundo alilolikaza mwenyewe, mpaka kamba ya sanduku moja ikalegea, ikaanguka.